Picha ya Babu Haikupigwa Bama

Nyumbani kwetu kijijini, mkoani Iringa, picha ya vita ilikuwa moja tu. Ilitundikwa juu ya mlango wa chumba cha bibi, kwenye fremu ya mbao iliyokuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Wanaume wanne wamesimama barabarani: kaptula pana, soksi ndefu, kofia za pama zilizokunjwa upande mmoja. Wa pili kutoka kushoto ni babu. Watatu waliobaki hakuna aliyewajua. Mgeni akiuliza, anajibiwa: "Hapo mzee yuko Bama."

Tulikua na hiyo Bama, yaani Burma, nchi ya Asia inayoitwa sasa Myanmar. Babu alifariki mwaka 1983, kabla sijapata akili ya kumuuliza lolote la maana, na kwa miaka mingi niliwasimulia watu shuleni na kazini kwamba babu yangu alikuwa keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, aliyepigana na Wajapani. Baadaye sana nilikuja kutambua kwamba kwa wazee wa kwetu Bama lilikuwa jina la kila mahali pa mbali wakati wa vita vya Hitla. Aliyepanda meli akarudi na koti la jeshi, alikwenda Bama. Basi.

Bibi alipofariki, fremu ikaja kwangu. Niliona picha imeanza kunata kwenye kioo kwa unyevu, nikataka kuibandua nikaikaushe. Bahati nzuri niliipitisha kwanza kwa mzee mmoja mjini anayetengeneza fremu na kusafisha picha za zamani. Akanishika mkono. "Ukivuta hapa, uso wa babu yako utabaki kwenye kioo, wewe utaondoka na karatasi." Alinieleza kwamba picha za zamani zina tabaka jembamba la gelatini juu, na gelatini ikishapata maji hugeuka gundi. Akanishauri niache kioo kama kilivyo, nifungue fremu kwa nyuma, ning'oe vile vimisumari kimoja kimoja, nitoe ubao, niangalie mgongo wa picha.

Nilifanya hivyo usiku uleule. Mgongoni kulikuwa na maandishi ya kuchapwa, yamefifia lakini yanasomeka: CARTE POSTALE. Chini yake mstari wa wima, kushoto Correspondance, kulia Adresse. Hapakuandikwa kitu kingine, hata herufi moja ya mkono.

Wapiga picha wa enzi zile walikuwa na desturi ya kuchapa picha kwenye karatasi nene ambayo mgongo wake tayari ni postikadi, ili mteja akitaka aibandike stempu na kuituma nyumbani. Hiyo haikunishangaza. Kilichonishangaza ni Kifaransa. Bama ilikuwa chini ya Waingereza. Mpiga picha wa huko angekuwa na kadi ya Kiingereza.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilinigharimu miezi miwili. Kifaransa kikanipeleka moja kwa moja kwa Wabelgiji, Kongo na Burundi. Nikajiambia babu alipigwa picha Usumbura (sasa Bujumbura) au Bukavu akiwa safarini, nikaanza kupekua mtandaoni kila picha ya kale ya miji ya Wabelgiji niliyoweza kuipata, nikitafuta barabara inayofanana. Nilikuwa nimeshaamua jibu, nikawa natafuta ushahidi wa kulitetea. Kila kanisa lenye mnara nililiona ndilo.

Aliyenitoa huko ni baba mkubwa. Alinipigia simu kusema amepata sanduku la bati la babu, na ndani yake kuna karatasi ya kuachishwa jeshi. Nilisafiri siku ya pili. Mchwa walikuwa wameila nusu nzima. Jina la babu lilisomeka, mwaka wa kuachiwa ulisomeka, 1946, na sehemu ya kikosi palikuwa na tarakimu 6 na herufi K.A.R. Mbele ya ile 6, pale ambapo pengine palikuwa na tarakimu nyingine, pana tundu.

Tundu hilo ndilo lililokuwa kitendawili chote. Katika jeshi la King's African Rifles, lile wazee waliloliita Keya, kikosi cha 6 kilikuwa cha Tanganyika. Vita vilipopanuka vikaundwa vikosi vingine, na mara nyingi tarakimu ya mwisho ilibaki kuonyesha asili: kwa hiyo cha 26 na cha 36 navyo vilikuwa vya Watanganyika. Hivyo viwili ndivyo vilivyokwenda Bama kweli, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru begani. Mwaka 1944, mvua zikiwa zimegeuza njia kuwa matope, walishuka bonde la Kabaw wakiwasukuma Wajapani hadi Kalewa, kwenye Mto Chindwin.

Kikosi cha 6 chenyewe, kilichoandikwa 1/6, kilikuwa na njia nyingine kabisa. Mwaka 1941 kilikuwa Ethiopia kikipigana na Waitaliano. Ni katika kikosi hicho, tarehe 19 Mei 1941 huko Kolito, Sajini Nigel Leakey alipopanda juu ya vifaru vya kivita vya adui na kuuawa, akapewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa. Mwaka uliofuata 1/6 kikapelekwa na Brigedi ya 22 kwenye kisiwa ambacho sikuwahi hata kukifikiria: Madagaska. Na Madagaska ilikuwa ya Wafaransa.

Nilisoma sentensi hiyo nikaenda kukaa nje kidogo.

Nilirudi mjini nikaiskani picha upya. Safari ya kwanza nilikuwa nimeipiga kwa simu tu, nikiangalia nyuso. Sasa nilipata skana nzuri, nikaiweka nukta 1,200 kwa inchi, kioo kikiwa hapohapo, na nikaacha nyuso kabisa nikatazama pembe za picha. Kwa yeyote mwenye picha ya namna hii, hili ndilo ningependa alishike: watu waliosimama katikati wamejipanga, wamevaa walichoambiwa wavae, lakini pembezoni mpiga picha hakupanga kitu. Huko ndiko mahali penyewe panapojisema.

Kwanza nilihakikisha picha haikuchapwa kinyume, kushoto kuwa kulia. Mmoja wao ameshika bunduki ya Lee-Enfield, na bunduki hiyo komeo lake liko upande wa kulia. Lilikuwa kulia. Vifungo vya mashati navyo vilikaa inavyopasa. Halafu nikakuza kona ya juu kulia, pale ambapo maisha yangu yote nilidhani pana doa la moshi. Juu kabisa ya kilima, nyuma ya mapaa ya nyumba za ghorofa zenye mteremko mkali, palikuwa na jengo kubwa la mraba. Kila pembe ina mnara. Katikati paa refu limechongoka.

Safari hii sikutafuta "kanisa". Nilitafuta Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska. Picha ya tatu iliyotokea ndiyo ilikuwa hiyo: Manjakamiadana, jumba la malkia ndani ya ngome ya Rova, kwenye kilima kirefu kuliko vyote mjini. Lilijengwa kwa mbao kwanza, enzi za Malkia Ranavalona wa Kwanza, baadaye likazungushiwa kuta za mawe na minara minne. Nilipanga picha mbili sambamba kwenye kompyuta, nikahesabu minara, nikalinganisha mteremko wa paa. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1995 jumba hilo liliungua, zikabaki kuta za mawe. Babu yangu amesimama chini yake likiwa zima.

Hata hivyo nilijizuia kumwambia mtu. Nilishadanganywa na macho yangu mara moja kuhusu Kongo. Tena katika kusoma nilikuwa nimekutana na habari ya ile picha ya Iwo Jima, kisiwa cha Japani, Wamarekani sita wakisimamisha bendera, iliyopigwa na Joe Rosenthal tarehe 23 Februari 1945. Pengine hakuna picha ya vita inayojulikana kuliko hiyo. Na bado majina yake yalikosewa kwa zaidi ya miaka 70. Jeshi lao lilisahihisha jina moja mwaka 2016 na jingine mwaka 2019, na waliofumbua macho walikuwa watu wa kawaida waliokaa wakalinganisha mikanda, kofia na vifaa vya kila askari, picha hadi picha. Kama hiyo ilikosewa, yangu ya ukutani ni nini?

Kuna na jambo la maelezo ya picha, ambalo linanikera hadi leo. Picha nyingi za vita vya kwanza upande wetu zilipigwa na Mjerumani Walther Dobbertin, na ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ambayo Desemba 2008 ilifungulia umma zaidi ya picha 80,000 mtandaoni. Nimezitazama sana. Ofisa wa Kizungu huwa na jina, cheo na tarehe. Waliosimama naye huwa "askari". Wapagazi, ambao waliibeba vita ile vichwani hadi mtaa mzima wa Dar es Salaam ukabaki na jina lao, Kariakoo, hawapati hata hesabu. Hifadhi yenyewe imeweka onyo kwamba maelezo ya asili huenda yana makosa au upendeleo. Nashukuru kwa onyo hilo. Lakini mtu akishaandikwa "askari" kwa miaka mia, ni nani atamrudishia jina?

Kwa hiyo niliona nahitaji ushahidi ambao haukutoka machoni mwangu, na aliyebaki hai kati ya waliomsikia babu akisimulia ni shangazi. Nilimwendea bila picha na bila kumtajia Madagaska. Nilikuwa nimejifunza kwamba ukimpa mzee jibu, kwa heshima tu atalikubali. Nikamuuliza vitu vidogo. Walikula nini huko? Kulikuwa na baridi? Watu wa huko walifanana na nani?

"Shikamoo shangazi, nimekuja tuzungumze habari za babu na Bama yake."

"Marahaba mwanangu. Bama! Baba hakupenda kuisema." Akanyamaza, akaendelea kuchambua maharage. "Alikuwa akisema vita yake ilikuwa ya kukata miti. Tukicheka, anasema: nyie chekeni, sisi tulipigana na miti."

Nilihisi mwili umesisimka. Katika Madagaska, Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Ujerumani, walikuwa wachache na walijua hawawezi kushinda, wakachagua kuchelewesha. Walivunja madaraja, wakajenga kuta za mawe barabarani, wakaangusha miti mikubwa kilometa kwa kilometa. Brigedi ya 22 ilishuka pwani ya Majunga tarehe 10 Septemba 1942, ikaingia Antananarivo tarehe 23, na njia yote kuelekea kusini ilikuwa shoka na msumeno. Wafaransa walisalimu amri dakika chache baada ya saa sita usiku, tarehe 6 Novemba. Na wale waliotumwa kuwazuia kina babu wengi wao walikuwa Wamalagasi na Wasenegali. Mweusi amelazwa nyuma ya gogo kumngoja mweusi, kwa ugomvi wa Paris na London.

"Na chakula?"

"Wali. Wali kila siku. Na nyama, maana alisema ng'ombe ni wengi kama kwa Wamasai. Huko wanamwita umbi."

"Nani?"

"Ng'ombe. Baba akimpeleka dume machungani humwita hivyo, 'umbi, umbi'. Mama alikuwa akimkemea, anamwambia ongea Kihehe."

Wali ningeweza kuukuta Bama pia. Umbi hapana. Kwa Kimalagasi ng'ombe huandikwa omby, na o yao hutamkwa u. Neno lenyewe ni letu: lilivuka bahari kutoka pwani hii karne nyingi zilizopita, pamoja na ondry, kondoo, na akoho, kuku. Babu alilikuta huko, akalitambua, akarudi nalo machungani Uhehe, na shangazi akalihifadhi miaka yote bila kujua kwamba anahifadhi ramani.

Ndipo nikaitoa picha iliyokuzwa, nikamwonyesha kilima. Akaitazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hakwenda Bama?" Nikamjibu ukweli kadiri ninavyoujua: picha inasema alikuwa wapi siku hiyo, mwishoni mwa 1942. Kuanzia hapo hadi 1946 haisemi kitu.

Picha ya asili imerudi kwenye fremu, na kioo chake, na karatasi mpya isiyo na asidi nyuma badala ya ule ubao. Sikuiandika chochote. Kwenye nakala nimeandika jina la babu, Antananarivo, na mwaka, kisha mistari mitatu mitupu.

Mistari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mpiga picha wa mtaani akipiga wanne, wanne hulipa, na kila mmoja huondoka na kadi yake. Inawezekana kabisa picha hii imetundikwa katika nyumba nyingine tatu, Songea, Tabora, Dodoma, sijui wapi, na huko nako wanasema mzee wao yuko Bama. Wa kwanza kushoto ni mrefu kuliko wote, amekunja mikono kifuani. Wa tatu ndiye mwenye bunduki, ana alama kama za chale kwenye mashavu yote mawili. Wa mwisho kulia amevua kofia yake ya pama ameishika tumboni, kifungo cha juu cha shati hakipo, na anacheka. Anayesimama kati ya huyo mrefu na mwenye bunduki, akitazama pembeni badala ya kutazama kamera, ni babu yangu. Kama mnayo, fungueni fremu kwa nyuma.