Mguu uliokuwa ukiwaka moto: krimu ya kapsaisini imenipa nafuu

Mguu wa kushoto ulikuwa ukiniwaka kuanzia pajani hadi kisiginoni. Usiku hata shuka likigusa ni maumivu. Parasetamoli na ibuprofeni hazikufua dafu. Dawa ya kuchua ilituliza misuli, lakini maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, yakabaki vilevile.

Kilichosaidia ni krimu ya kapsaisini ya 0.075%, niliyouziwa bila cheti cha daktari. Kapsaisini ndiyo inayoipa pilipili ukali wake. Muhimu ni kutoruka: paka kidogo sana, mara 3 hadi 4 kila siku. Mwanzoni inachoma, na wengi huiacha hapo hapo, inasikitisha, maana neva hupoa taratibu na nafuu huchukua wiki kadhaa. Usipake penye kidonda wala ukitoka kuoga maji ya moto, utaungua zaidi. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho. Mguu ukianza kulegea, muone daktari haraka.