Sanrufu, silikoni na mwembe wa baba mkwe

Tone la kwanza lilinidondokea pajani nikiwa nashuka daraja la Kijazi pale Ubungo, saa nne asubuhi, jua linawaka. Mvua ilinyesha usiku na kukatika alfajiri. Nikadhani jasho. Nilipofika kwenye taa za Shekilango nikakanyaga breki, na hapo yakaja mengine yote: kama nusu kikombe cha maji, yakipita kwenye ile taa ndogo ya ndani iliyo karibu na kioo cha kutazamia nyuma, moja kwa moja juu ya kitenge nilichokipiga pasi asubuhi ile. Bodaboda aliyesimama ubavuni kwangu alimwona mama mzima anajifuta kichwa ndani ya gari lililofungwa vioo vyote. Hakusema kitu, ila tabasamu lilimshinda.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la mwaka 2005. Jina la kampuni naliacha, maana katika haya nitakayosimulia kiwanda hakina kosa. Makosa ni yangu, ya fundi mmoja, na ya mwembe.

Nianze na langu. Tulipolinunua, watoto ndio waliochagua: walitaka lenye sanrufu, yaani dirisha la kioo kwenye paa. Wiki ya kwanza lilifunguliwa kila siku, vichwa nje, kelele mpaka Kimara Mwisho wanatusikia. Halafu joto la Dar likatukumbusha tuko wapi. Nani anafungua paa saa saba mchana? Sanrufu ikafungwa, na kile kibao cha ndani cha kuzuia jua kikavutwa. Miaka miwili na ushee sikuigusa. Nilijua nina sanrufu kama mtu anavyojua ana binamu Sumbawanga.

Na miaka yote hiyo gari linalala chini ya mwembe alioupanda baba mkwe. Ule mti hauguswi. Baba watoto anaweza kuvumilia mengi, lakini ukitaja msumeno karibu na mwembe wa marehemu baba yake, siku hiyo chakula kinaliwa kimya. Basi maua yanamwagika juu ya gari, majani yanamwagika, utomvu unadondoka, sisimizi wanapanda na kushuka. Mimi naosha bodi, nafuta vioo, naondoka.

Fundi wa kwanza hakumaliza dakika mbili. Alipitisha kidole kwenye mpira unaozunguka kioo cha juu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, mpira umekufa huu. Tunazungusha silikoni, maji hayaingii hata ulizamishe Coco Beach." Elfu arobaini. Akazungusha silikoni nyeusi nje, kioo na bati vikawa kitu kimoja. Mvua mbili zikapita bila tone. Nikamsifu kwa majirani, nikampelekea na mteja.

Siku ya tatu mtoto wangu wa mwisho akabonyeza swichi.

Mota ikavuta. Silikoni ikavuta upande wake. Ikasikika krrrr, halafu tak-tak-tak, kisha kioo kikakwama kikiwa kimekaa upande: kulia kimerudi nyuma kama urefu wa kidole, kushoto hakijatoka. Hakiendi mbele wala nyuma. Na wingu limetanda upande wa Kibamba. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019, nyumbani hapakuwa na kitu cha maana cha kufunikia, nikang'oa kitambaa cha plastiki cha meza ya chakula, chenye picha za mananasi, nikakifunga kwa utepe wa gundi juu ya paa. Nimeendesha na mananasi yale siku tano. Pale ofisini wananiita Mama Nanasi mpaka leo.

Hapo katikati kuna fundi mwingine wa Ilala aliyetaka laki sita atoe fremu nzima aweke iliyotoka kwenye gari lililokatwa. Sikumlipa hata senti.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mwenye gereji ya uani huko Tabata. Anaongea kwa lafudhi ya Tanga, taratibu, na hakuna anachokifanya kabla hujamaliza kueleza. Nikampa shikamoo, akaitika, akazunguka gari mara moja, akaangalia vipande vya silikoni vinavyoning'inia. Akauliza: "Mwanangu, nani kakuambia maji hayatakiwi kuingia?"

Nikamtazama tu.

Akafungua kile kibao cha ndani, akanionyesha kwa tochi. Chini ya ukingo wa kioo kuna sinia la bati lenye mfereji unaozunguka pande zote. Mpira wa kioo kazi yake ni kupunguza maji na kuzuia upepo na vumbi. Maji yanayopenya yanaangukia kwenye mfereji ule, yanakwenda kwenye pembe nne, na kila pembe ina mrija mwembamba wa mpira. Miwili ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea nyuma ya madigadi, karibu na bawaba za milango. Miwili ya nyuma inapita kwenye nguzo za nyuma na kumwaga kwenye uvungu karibu na bampa. "Hii ni milizamu, kama ya nyumba," akasema. "Nyumba ikivuja kwa sababu mlizamu umeziba, unaziba bati?"

Tukapima. Kikombe kimoja cha maji kila pembe, kwa kumimina polepole, na mtu amechuchumaa chini anaangalia. Kushoto mbele maji yakatoka, kwa uvivu. Nyuma zote mbili yakatoka vizuri. Kulia mbele: hakuna. Mfereji ukajaa, na sekunde chache baadaye maji yakaanza kufuata kitambaa cha dari kuelekea taa ya ndani. Ile njia ya Shekilango kabisa! Gari likiinama mbele, au ukishika breki, maji yaliyotuama juu ya dari yanakimbilia kwenye tundu la kwanza, na tundu la kwanza ni taa juu ya kichwa cha dereva. Ndiyo maana nililowa siku ya jua.

Kijana wa gereji akaja na mpira wa upepo wa kujazia matairi. Mzee akamrudisha. Upepo wa nguvu unaweza kuuchomoa mrija kwenye maungio yake, na ukichomoka ndani ya nguzo hutajua mpaka maji yaanze kumwagika nyuma ya dashibodi. Alichotumia ni uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kufyekea majani, unauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Ncha yake akaichoma kidogo kwa kiberiti ikawa duara, isitoboe mrija. Akausukuma kutoka juu, kwa vidole viwili, anazungusha, anarudisha, anasukuma tena. Ulipotokea chini ukafuatwa na kitu ambacho sina jina lake: uji wa kahawia, maua ya mwembe yaliyooza, mchanga, na sisimizi waliokufa. Nilipiga picha nikamtumia baba watoto. Akajibu: "Mwembe umefanya nini tena?"

Kioo kilikuwa kazi nyingine. Kabla ya kugusa mota alichomoa fyuzi kwanza akaiangalia. Nzima. Akanionya kwamba ikiungua fyuzi ya sanrufu nisikubali mtu aniwekee yenye ampea kubwa zaidi, kwa sababu basi kitakachoungua ni waya. Halafu akashusha taa ya ndani. Kwenye gari langu mota iko hapo juu, na katikati yake kuna tundu la pembe sita: ukiingiza spana ya alenki unaweza kuzungusha kioo kwa mkono siku mota ikigoma. Tundu hilo lilikuwepo siku zote tano za mananasi, sentimita chache juu ya pua yangu. Ila kwa hali yangu lisingesaidia, maana kushoto kulikuwa kumekabwa.

Kimekabwa na nini? Alifungua skrubu za kioo, tukakinyanyua watu wawili tukakiweka juu ya godoro kuukuu. Ndani ya reli ya kushoto kulikuwa na grisi ya kiwandani iliyokauka ikawa kama gundi, imekamata vumbi, na juu yake nyuzi nyeusi za silikoni zimejisokota mbele ya kile kipande cha plastiki kinachoteleza ndani ya reli. Yaani elfu arobaini yangu ndiyo iliyokwama mle.

Kioo husukumwa na waya mbili nene zilizosokotwa kama springi, kila moja na upande wake, na gia moja ndogo ya mota inazisukuma zote pamoja. Upande mmoja ukikabwa na mwingine ukaenda, meno yanaruka, ndiyo ile tak-tak-tak. Tangu hapo pande mbili hazilingani tena, hata uondoe uchafu wote. Mafundi wengi wakiona kioo kimekaa upande wanasema fremu imekufa. Mzee alitoa mota, waya zikawa huru, akasukuma kila upande kwa mkono mpaka mwisho wa kufunga, akapima kwa rula kulia na kushoto, ndipo akarudisha mota. Ungekuta plastiki imevunjika au waya imekatika, hapo kweli unatafuta spea. Yangu ilikuwa nzima, na laki sita yangu ikapona.

Reli tulifuta kwa kitambaa na vijiti vya masikio, saa nzima, mimi mwenyewe nimepanda kwenye stuli. Mpira ukaoshwa kwa maji ya sabuni. Haukuwa umekufa! Ulikuwa mchafu na mkavu. Ukapakwa grisi ya silikoni, na msichanganye: hii ni grisi laini ya kulainisha mpira, ile aliyozungusha fundi wa kwanza ni gundi. Grisi ya beringi au mafuta ya injini usipake kabisa kwenye mpira, yanauvimbisha na kuulainisha mpaka unaharibika. Na kwenye reli kidogo tu, kiasi cha kuonekana inang'aa, ukizidisha unafuga vumbi.

Kurudisha kioo nako kuna ustadi. Ukingo wa mbele unatakiwa uwe chini ya paa kwa unene wa kucha hivi, wa nyuma usawa wa paa au juu kidogo sana, la sivyo ukifika kilomita 80 kinapiga filimbi. Kisha jaribio la noti: unaweka noti kati ya mpira na bati, unafunga, unaivuta. Inatakiwa iwe nzito kuvutika kila upande. Yeye alitumia ya elfu moja. Nikamwambia nina ya elfu kumi, akasema hiyo ingekatika moyo ukanisimama.

Mwisho, mota inabidi ifundishwe upya mwanzo na mwisho wa safari yake. Kitabu cha gari langu ni cha Kijapani, mtoto wa dada akakisoma kwa kamera ya simu, tukapata maelekezo yaliyotafsiriwa vibaya lakini ya kweli: kushikilia kitufe cha kuinamisha bila kuachia mpaka kioo kinyanyuke, kitulie, na kijitingishe kidogo. Namna hutofautiana kwa kila aina ya gari, ila ukiona sanrufu inafungua nusu na kugoma baada ya kubadilishiwa betri, anzia hapo kabla hujamwita mtu.

Kazi yote laki moja na ishirini, na uzi wa nailoni nikapewa bure.

Kilichonitesa zaidi ni kapeti. Juu lilikuwa kavu, nikajua tumemaliza. Mzee akalibonyeza kwa kiganja upande wa abiria, maji yakachuruzika. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayokunywa maji kama haina dini, na chini ya sponji kuna nyaya na soketi. Mbili zilikuwa zimeanza kuota kutu ya kijani. Viti vikatolewa, betri ikiwa imechomolewa, kwa sababu ukichomoa soketi za chini ya kiti swichi ikiwa imewashwa taa ya onyo ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukinga wakati wa ajali, inawaka na haizimiki kirahisi. Sponji ikaanikwa ukutani siku nne. Harufu ya uvundo, ambayo nilikuwa nikiwalaumu watoto na maziwa mgando yao, ikaondoka nayo.

Sasa ratiba yangu ni hii. Mwanzoni mwa Machi kabla ya masika, na Oktoba kabla ya vuli, kikombe cha maji kila pembe. Uzi naupitisha hata kama maji yanatoka. Kila Jumamosi nafungua na kufunga mara moja, gari likiwa limeshafutwa maji. Mtoto wa mwisho ndiye anayebonyeza swichi, chini ya usimamizi. Ikisita, tunaachia. Hatuishindanishi.

Mwembe upo. Nilihamishia gari upande wa tangi la maji, nikakuta baba watoto ameshaegesha la kwake pale. Kwenye dari, juu ya kiti cha dereva, limebaki doa la kahawia. Nimeambiwa kushona dari upya ni laki mbili na nusu, nikasema nitafikiria. Watoto wanadai lina umbo la Pemba.