Klachi ya haidroliki

Pikapu yetu ilikuwa Hilux ya dizeli, nyeupe kwa jina tu, na ilinuka dagaa. Uioshe kwa sabuni, uisugue kwa brashi, ikifika saa sita na jua limewaka dagaa wanarudi palepale. Mama alikuwa ananunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na baba ndiye aliyekuwa dereva wake baada ya kuacha kuendesha malori ya watu. Nyumbani ni Nyegezi, upande wa mawe, mahali ambapo ukiegesha gari ni lazima uweke jiwe nyuma ya tairi hata kama umevuta breki ya mkono mpaka mwisho.

Mwaka ni 2001, niko kidato cha pili, likizo ya Juni. Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa kufungua boneti na kukagua: maji ya rejeta, oili ya injini, mafuta ya breki, na kile kikombe kidogo cha klachi kilichokaa peke yake jirani na kikubwa cha breki. Baba alinipa mimi kazi hiyo badala ya kaka, kwa kuwa kaka akifungua boneti anafungua ili wapita njia wamwone.

Jumamosi moja nikakuta kikombe cha klachi kimeshuka chini ya mstari. Kopo la mafuta ya breki nikalitikisa, tupu. Ila stoo kulikuwa na kidumu cha ile oili nyekundu ya stelingi ambayo mafundi wote wa Mwanza wanaiita haidroliki, masalia ya zama za malori. Na wiki hiyohiyo fundi alikuwa amekuja kubadili pleti ya klachi, nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia kaka, "Hii klachi siyo ya waya, ni ya haidroliki." Sasa klachi ya haidroliki inataka nini kama siyo haidroliki? Fizikia nilikuwa wa pili darasani, na hoja ile niliiona haina tundu. Nikapima vifuniko vitatu vya kidumu, nikamimina. Rangi ikawa kama juisi ya rozela. Nikafunga, nikafuta kwa kitambaa, nikaenda kunywa chai.

Siku za kwanza hakukutokea kitu, na hapo ndipo penye balaa lake, kwa sababu mpaka kitu kinatokea mimi nilishasahau kabisa. Pedeli ilianza uvivu. Ukiikanyaga inakwenda, ukiiachia inapanda polepole kama mtu anayeamshwa alfajiri. Baba akawa anaisaidia kwa kuingiza ncha ya kandambili chini yake na kuiinua. Alihisi pleti mpya haijakaa vizuri. Mama naye hakutaka kusikia habari za gereji, maana giza lilikuwa linaingia. Nyakati za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapumzika, kwa kuwa karabai haziwavuti dagaa ziwa likiwa limejaa mwanga. Giza likiingia kila mtu yuko majini na kila gari liko barabarani. Ukikosa gari wakati wa giza, mwezi huo umekula hasara.

Ikatuangusha Kirumba, magunia yako nyuma, mimi na mama tuko mbele. Pedeli ilikwenda chini ikalala hukohuko. Baba akazima, akatia gia ya kwanza, akawasha hivyohivyo, gari likaruka kama mbuzi, tukaondoka. Kutoka pale mpaka Nyegezi, kupita mjini, Igogo, Mkuyuni na Butimba, alibadili gia kwa sikio, bila klachi, akiombea magari ya mbele yasisimame. Yaliposimama alizima, akaanza upya. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na hakusema neno, na mama si mtu wa kukosa neno.

Kesho yake baba akasema fundi hamtaki tena, atatengeneza mwenyewe. Kaka akatumwa Kirumba kulinda mzigo uliobaki, mimi nikabaki kuwa utingo. Baba alijikunja chini ya dashibodi akachomoa pini ya pedeli, akalegeza paipu kwa spana namba 10, akashusha klachi masta ya juu, ile silinda inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli. Pistoni ilitoka kwa shida, na raba zake zikaja zimebanana, nyeusi, laini ajabu. Mafuta yenyewe yalishakuwa meusi kama soda, ule wekundu hauonekani. Akanipa ile raba moja kwenye karatasi: "Mama, nenda mjini, waambie unataka zinazolingana na hii. Usiipoteze."

Nikapanda daladala. Muuza spea akaishika, akailinganisha na zake kwenye boksi, moja, ya pili, akapata iliyofanana. Nikarudi. Baba akailowesha kwenye mafuta mapya ya breki, akaisukuma ndani ya silinda, haiingii. Akaigeuza. Haiingii. Akachukua tochi, akafuta ubavu wa ile masta kwa kidole chenye mate, na kwenye chuma pakatokea namba iliyochongwa kwa kunyanyuka: 5/8, upana wa silinda kwa inchi. Raba niliyoletewa ilikuwa ya 11/16.

Alikaa kimya sana. Aliiweka raba ya zamani kwenye kiganja cha kushoto akaibonyeza, ikabonyea kama kitumbua cha jana. Akainusa. Akakiendea kifuniko cha kikombe, akaichungulia raba ya ndani yake. Ilikuwa imefura na kujikunja kingo, hata akijaribu kuirudisha kwenye nafasi yake hairudi.

"Hizi zimenyweshwa oili," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la boluti. Nilianza kuzihesabu, na zilikuwa mbili.

Akanieleza kwa upole, hajui anamweleza nani. Klachi kuitwa ya haidroliki maana yake inasukumwa na mafuta badala ya kuvutwa na waya, siyo kwamba inatiwa oili ile nyekundu. Mafuta ya breki, yale yaliyoandikwa DOT 3 kwenye kopo, ndiyo hayohayo yanayotiwa kwenye klachi, na si oili itokanayo na mafuta ghafi kama oili nyingine. Raba zilizomo ndani zimetengenezwa kwa ajili ya hayo. Zikikutana na oili ya injini, au haidroliki, zinainywa na kunenepa. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo mno ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kikombe ukiachia pedeli. Raba ikinenepa inakiziba. Pedeli nayo inabanwa, hairudi. Mwisho raba inachanika midomo na huna klachi.

Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nakiona. Alisimama ghafla, akafungua kikombe cha breki, akachovya kidole, akasugua kwa dole gumba, akanusa, akainua kifuniko juani kutazama raba yake. Nzima. Akakaa juu ya lile jiwe letu la kuzuilia tairi. "Ingekuwa huku," akasema, akaangalia mteremko wa kwetu unaokwenda mpaka barabarani, halafu akaangalia mlango wa jikoni alikokuwa mama. Hakumalizia.

Fundi akaitwa. Alikuja mbiombio, ovaroli limefungwa mikono kiunoni, akidhani ni kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetia nini kwenye klachi yangu?"

"Mzee wangu, mimi nilishusha gia boksi, nikabadili pleti, nikapandisha. Huku juu sikugusa."

"Kwa hiyo ni paka?"

Fundi alitazama raba, akatazama kikombe, akanitazama mimi. Sijui kama alijua. Alisema tu, "Mungu anaona, mzee," akashuka zake kilima. Baba akamsindikiza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, na mimi nikatumwa mjini mara ya pili, safari hii kwa namba ya masta zote mbili na bila sampuli.

Mchana wote tuliosha. Paipu tulipitishia spiriti, tukaiacha ikauke, tukapitishia mafuta mapya ya breki. Silinda akazisugua ndani kwa msasa laini uliolowa, taratibu, mpaka kucha ikipita haikwami. Klachi masta ya chini, ile iliyo kwenye gia boksi, nayo ikafunguliwa, kwa sababu uchafu ulishashuka huko. Petroli alinikataza hata kuisogeza karibu. Raba zikapakwa mafuta ya breki tu, hakuna grisi, midomo yake ikielekea kule shinikizo linakotoka. Tone moja likaanguka kwenye fenda. Akakimbilia maji, maana mafuta yale yanakula rangi, kana kwamba kulikuwa na rangi ya kuliwa.

Kazi ya mwisho ni kutoa upepo. Baba akalala chali juu ya gunia chini ya gari, karibu na gia boksi. Kwenye nipo ya masta ya chini, ile boluti yenye tundu la kutolea upepo, alivalisha mpira wa dripu, ule mweupe unaoonyesha ndani, shangazi alituletea kutoka kazini kwake, na ncha ya pili ikazamishwa kwenye chupa iliyokwisha maji, tuliyotia mafuta ya breki kidogo. Mimi nikapanda kwenye usukani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

Analegeza nipo, pedeli inazama chini ya mguu wangu kama tope la ziwani, naambiwa nisiachie, anakaza, ndipo nasikia "achia". Mwanzoni hairudi, naiinua kwa mkono. Kanyaga, shikilia, achia. Kila baada ya mara tano nashuka kuongeza mafuta kwenye kikombe, maana kikikauka upepo unaingia tena na mnaanza upya. Nikiwa juu simwoni baba. Kwenye mlango ulio wazi naona miguu yake tu, kandambili zimeelekea ziwani.

Karibu mara ya ishirini pedeli ikaanza kupata uzito. Akasema shikilia, nikashikilia, na nadhani ni kwa sababu simwoni.

"Baba."

"Usiachie."

"Haidroliki nilitia mimi."

Spana ikanyamaza. Vidole vya miguu vilivyokuwa vinachezacheza vikatulia. Mguu wangu ulianza kutetemeka juu ya pedeli, na kuachia siwezi, na kukimbia siwezi.

"Kiasi gani?"

"Vifuniko vitatu."

"Kwenye breki?"

"Sikugusa. Ilikuwa imejaa."

Nikasikia spana ikikaza nipo. Ilikaza zaidi ya inavyostahili, nadhani.

"Achia," akasema. Kisha, "Kanyaga."

Tukaendelea hivyo mpaka kwenye ule mpira hakuna povu, mafuta yanapita meupe bila kukatika. Alitoka chini na unyasi kwenye nywele, hakunitazama. Akawasha injini, akakanyaga, akavuta rivasi, ambayo kwenye gari lile ndiyo isiyo na msamaha. Klachi ikiwa na kasoro kidogo tu inasaga meno mtaa mzima unasikia. Ikaingia kimya. Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi akauliza kama kesho Kirumba ipo. Ipo, akajibiwa.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, baba alinipa hela. "Nunua sato wawili wa maana, mpelekee fundi."

"Nimwambie nini?"

"Uliyoniambia mimi."

Gereji ya fundi ilikuwa chini ya mwembe, na alikuwa na wateja wawili, kwa hiyo niliyasema mbele ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono. Akampokea sato mmoja, akamwinua kwa shavu, akamnusa kwa makini kama baba alivyoinusa ile raba.

"Na hawa umewatilia haidroliki?"

Wateja wakaangua kicheko. Mpaka namaliza kidato cha nne, nikipita pale na sare ya shule alikuwa ananiita Haidroliki kwa sauti ya juu, na wageni wa mtaa wakadhani ndilo jina langu la ubatizo.