Waacheni wabishane kabla hamjawaonyesha jibu

Nafundisha umeme chuo cha ufundi hapa Tanzania, ngazi ya stashahada, na kama kuna kitu kimoja ninachokiamini kuhusu hii kazi ni kwamba mwanafunzi haielewi saketi kwa kuelezwa. Anaielewa pale anapolazimika kusema mwenyewe kitatokea nini, akabishana na mwenzake, afu akapima akaona. Kwa mpangilio huo huo. Ukiugeuza, ukaanza na maelezo, ikaja fomula, afu wiki mbili baadae maabara ya kuthibitisha kile walichoshaambiwa, unapata darasa limetulia, lina notsi safi, na watu hawajui umeme.

Najua ni maneno makali, kwahiyo hebu chukua swali hili. Betri nne za redio, volti 6. Glopu tatu za tochi zinazofanana, zile za zamani zenye waya ndani, sio LED. Glopu ya kwanza iko peke yake kwenye njia, ikitoka hapo njia inagawanyika mara mbili, kila upande una glopu yake, afu njia zinaungana kurudi kwenye betri. Zote zinawaka. Sasa chomoa glopu moja kati ya zile mbili za mwisho. Ile ya kwanza itafanyaje? Itaongeza mwanga, itafifia au itabaki vilevile?

Kumbuka nawauliza watu ambao sirizi (njia moja tu) na paraleli (njia zilizogawanyika) wamezikokotoa tangu sekondari, ukiwapa namba wanakupa jibu mpaka desimali mbili. Ila hapa hamna namba, na wengi wanasema itabaki vilevile, na sababu yao ni nzito kabisa: umeme unaanza kupita kwenye ile ya kwanza, yanayotokea mbele huko hayamhusu aliyeko nyuma. Wengine wanasema itaongeza mwanga, maana aliyekuwa anagawana nao ameondoka. Wachache wanasema itafifia, na hao ndo wako sahihi, kwa sababu umefunga njia moja, ukinzani wa saketi nzima, yani ugumu wa umeme kupita, umepanda, mkondo unaotoka kwenye betri umepungua na wote unapita kwenye ile glopu ya kwanza. Ukizichukulia glopu kama resista zinazolingana, yani ukinzani wake ni uleule na haubadiliki, ya kwanza ilikuwa na volti 4 na zile mbili zina volti 2 kila moja, ukichomoa moja zilizobaki zinagawana 3 kwa 3. Yani ya kwanza inafifia na ya pili inaongezeka mpaka zinalingana. Mwanafunzi anayeliona hilo kwa mara ya kwanza baada ya kubisha kwa nguvu kwamba haiwezekani, halisahau.

Na kuna raha nyingine hapo. Ukiweka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kabla ya kuchomoa, haikupi 4 kamili kwenye ile ya kwanza, inakupa zaidi. Mwanafunzi makini atauliza kwanini, na hapo ndo unaingia kwenye waya wa glopu, kwamba ukiwa wa moto sana ukinzani wake unapanda na ukipoa unashuka, kwahiyo zile mbili zinazowaka kwa unyonge zina ukinzani mdogo kuliko ile inayowaka sana. Somo la wiki nzima limekuja lenyewe kwa sababu mtu ameona namba hailingani na aliyoitegemea. Kama asingetegemea chochote asingeuliza chochote.

Sio kwamba vijana wetu ndo wana shida. Marekani, chuo kikuu cha Washington kule Seattle, Lillian McDermott na Peter Shaffer walichapisha utafiti wao mwaka 1992 wakiwapa wanafunzi wa fizikia ya chuo swali la glopu na betri la namna hii hii, wazipange kwa mwanga, na waliopata walikuwa kama asilimia 15 tu, iwe kabla ya kufundishwa au baada. Kabla au baada! Na Eric Mazur wa Harvard, ambaye alikuwa anasifiwa na wanafunzi wake kwa kufundisha vizuri, alipowapa mtihani wa dhana za msingi za nguvu na mwendo, mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe siku zote. Mimi hilo swali naona kila mwalimu wa ufundi alibandike ofisini kwake. Ndo linaeleza kila kitu kuhusu kukariri: kuna umeme wa mtihani na kuna umeme wa kichwani, na havijawahi kukutana.

Mazur akaanza kusimamisha somo kila baada ya muda mfupi, anatoa swali, kila mtu anachagua jibu kimya kimya, afu wanageukiana kushawishiana, afu wanachagua tena. Huhitaji vifaa vya Harvard kufanya hivyo. Mimi natumia vikadi vya manila vyenye rangi nne, kila mwanafunzi anakaa navyo semista nzima, na sharti langu moja ni kwamba kadi inashikwa kifuani mpaka nihesabu ndo zinyanyuliwe zote kwa pamoja, la sivyo wote wanamwangalia yule anayejulikana ana akili na wanainua rangi yake. Nikiona waliopata ni wachache sana, chini ya thelathini kwa mia hivi, kubishana hakusaidii, narudi kufundisha. Wakizidi sabini naeleza kidogo tunasonga. Katikati hapo ndo kwenyewe, nawaambia mtafute mwenye rangi tofauti na yako umshawishi, na darasa linalipuka.

Na wanabishana kwa Kiswahili. Mitihani yetu ni ya Kiingereza, slaidi ni za Kiingereza, na ukimuuliza mtu mbele ya darasa aeleze kwa Kiingereza anakaa kimya unadhani hajui, kumbe anatafuta sentensi. Ukimwachia na jirani yake utamsikia, “we fikiria, njia imebaki moja, utapitaje mwingi ule ule?” Hiyo ni fikra ya kihandisi kabisa. Kuiandika kwa Kiingereza cha mtihani tutaifanyia kazi baadae pamoja, lakini kwanza iwepo.

Malalamiko yapo na ni lazima uyajue kabla hujaanza. “Madam hafundishi, anatuuliza tu.” “Madam hatoi madesa.” Mimi sijakasirika nayo, maana mwanafunzi amezoea kwamba mwalimu mzuri ni yule anayetiririka na yeye anaandika, na kweli ukisikiliza mtu anayetiririka unajisikia umeelewa. Hili nalo limepimwa, Harvard tena, utafiti uliotoka 2019: wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa walijiona wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini kwenye mtihani wao ndo walifanya vizuri zaidi. Kichwa kikifanya kazi kinachoka, na ule uchovu tunaudhania ni kutoelewa. Kwahiyo siku ya kwanza ya semista nawaeleza hilo waziwazi, nawaambia mtajisikia vibaya na hiyo ni dalili nzuri. Wakiuliza faida nawapa hii: mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni, wakakuta madarasa ya mhadhara tupu wanafeli wastani wa asilimia 33.8, ya kushirikishwa asilimia 21.8. Anayeogopa sapu, yani kurudia mtihani, anaelewa hizo namba haraka sana.

Tatizo la vifaa nalijua, darasa la watu themanini na multimita za kuhesabu, nusu yake fyuzi zimeungua kwa sababu mtu amepima volteji huku waya uko kwenye tundu la ampea. Kwenye simu kuna PhET, majaribio ya kuigiza ya chuo kikuu cha Colorado, ni bure, wanajenga saketi kwa kidole na kuona glopu inawaka, na ukiidownlodi mara moja kwa waifai ya chuo huna haja ya bando tena. Nzuri kwa kubashiri nyumbani. Ila haimfundishi mtu kukuta waya uliokatikia ndani ya plastiki, kwahiyo benchi linabaki palepale.

Juu ya hilo la kutafuta ubovu, kitu ambacho ningetamani kila idara ikifanye ni kumwalika fundi wa mtaani. Tulimleta fundi wa redio na spika, mtu mzima, hajasoma chuo, akakaa na wanafunzi wakiwa wamefungua amplifaya iliyokufa. Kijana mmoja akachukua proobu mbili za multimita akaanza kugusagusa bodi. Mzee akamshika mkono, “mwanangu subiri, hapo unategemea usome ngapi?” Kijana akasema hajui. “Sasa ukisoma utajuaje kama ni kibovu?” Kimya. Afu akawaonyesha transfoma, akawaambia huku inatoka volti 12 za AC, zikipita kwenye daraja la dayodi na kapasita mtegemee kama 16 za DC, mkikuta pungufu sana mnajua ubovu uko huku kwenye upande wa kuleta umeme na sio kule mbele kwenye amplifaya yenyewe. Hajataja fomula ya mzizi wa mbili, ile ya kuzidisha volti za AC kupata kilele chake, hata mara moja, wanafunzi ndo waliitambua wenyewe, nikaona mtu anafungua daftari lake la nyuma kuitafuta bila kuambiwa.

Ila yote haya yanakufa kama mtihani haubadiliki. Ukifundisha kwa kubishana afu ukatunga “define” na “list five advantages”, wanafunzi watarudi kwenye madesa na pasti pepa wiki moja kabla, na watakuwa na haki. Kwenye mtihani wangu sasa kuna swali lisilo na namba kabisa, saketi imechorwa, kitu kimechomolewa, sema kitatokea nini na kwanini. Na kwenye upande wa vitendo napendelea kumpa mtu saketi yenye ubovu niliouweka mimi, aniambie kwanza anategemea nini kila pointi, ndo ashike multimita. Inachukua muda mwingi kusahihisha, siwadanganyi. Wakuu wa idara mnaosoma hapa, ombi langu ni dogo: bajeti ijayo kabla hamjanunua projekta nyingine, nunueni multimita za bei nafuu na boksi zima la fyuzi.