Walioulinda ukuta kabla yangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa natandika kitanda cha mzee mmoja pale ninapofanya kazi ya ulezi, mtoto wake wa kiume akaniuliza baba amekula nini mchana. Nikamjibu. Akataka nirudie, nikarudia. Mara ya tatu akageukia mlangoni na kuuliza kwa sauti kama humu ndani hakuna mtu mwingine anayezungumza Kiingereza. Halafu, akiwa anafunga zipu ya koti, akaongeza kwa upole, kama mtu anayenionea huruma, kwamba baridi ya huku haikuumbwa kwa ajili yetu, na kwamba alipokuwa mdogo mji huu wote wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, haukuwa na mtu kama mimi.

Mimi nimezaliwa Njombe. Mwezi wa saba tulikuwa tunakwenda shule tukikanyaga majani yaliyoganda umande, masweta mawili mwilini na mikono makwapani. Baridi naijua tangu kabla sijajua kama kuna Uingereza. Sikumwambia. Nilikunja pembe za shuka, nikamuuliza mzee kama anataka chai, nikatoka.

Chumba cha jirani anaishi bibi wa miaka 91 aliyefundisha Kilatini maisha yake yote. Namwita Bibi, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na anaitika. Masikio yake bado mazima. Nilipompelekea dawa akanishika mkono akasema: siku yako ya mapumziko panda basi, nenda Burgh by Sands, ukaone ni akina nani walikuwa hapa kabla ya babu yake yule.

Nikaenda Jumanne. Jina la kijiji linaandikwa hivyo lakini wenyeji wanatamka Braf, na dereva hakunielewa mpaka nilipomwonyesha kwenye simu. Ni nchi tambarare, upepo unatoka kwenye vinamasi vya pwani ya Solway bila kitu cha kuuzuia, kondoo, nyumba chache. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli limekaa ndani ya eneo la ngome ya Kirumi iliyoitwa Aballava, na mawe yake yalitolewa kwenye magofu ya Warumi. Niliweka kiganja kwenye jiwe moja lililochongwa mraba, baridi kama chuma. Ukuta wa Hadrian wenyewe, ule wa mpaka wa Warumi, hauonekani tena pale, umeliwa na makanisa, mazizi na nyumba za watu. Lakini kipo kibao kilichowekwa mwaka 2016, kinachosema kwamba jamii ya kwanza ya Waafrika iliyoandikwa katika kumbukumbu za Uingereza ilikuwa walinzi wa ngome hii, karne ya 3.

Ndugu zangu, nilikisoma mara nne.

Mimi najiandaa kwa mtihani wa maisha ya Uingereza wa wanaoomba ukaazi wa kudumu, ule wa maswali 24 kwa dakika 45, pauni 50 kila unapokaa, na usipopata angalau 18 umefeli. Nimeshaufanya mara moja nikapata 17. Hiyo pauni 50 imeondoka, na mnajua nyumbani ni mifuko mingapi ya mbolea. Kwenye kitabu cha mtihani Warumi wanapita haraka: Julius Caesar alikuja mwaka 55 kabla ya Kristo akashindwa, Kaisari Claudius akafanikiwa mwaka 43 baada ya Kristo, malkia Boudicca akapigana nao, Hadrian akajenga ukuta, mwaka 410 majeshi yakaondoka. Unakariri, unasonga mbele. Mimi nilidhani hao Warumi walikuwa wazungu wa Italia, basi.

Bibi ndiye aliyenifungua. Ukuta ulianza kujengwa mwaka 122, kilomita 117 kutoka bahari hadi bahari, na walioujenga ni majeshi matatu ya raia wa Roma. Ila waliokaa kuulinda, mwaka baada ya mwaka, mvua kwa theluji, wengi walikuwa askari wa vikosi vya wasio raia: watu wa Syria, wa Hispania, wa Uholanzi ya leo, wa Romania ya leo. Na kule Burgh, Wamauri. Mwaka 1934 katika kijiji jirani cha Beaumont lilipatikana jiwe la madhabahu lenye jina la kikosi chao, la kati ya mwaka 253 na 258. Wamauri hawa walitoka Mauretania ya kale, yaani Morocco na Algeria ya leo. Si watu wa Njombe, na sitawaongopea kwamba ni babu zangu. Lakini walitoka bara letu, kwenye jua kuliko mimi, wakasimama kwenye upepo ule ule uliokuwa unanitoa machozi kituoni.

Mkataba wao ulikuwaje? Askari asiye raia alitumikia miaka 25. Akimaliza salama, anapewa uraia wa Roma, yeye na watoto wake, na kama akitaka anakuwa na vibao viwili vya shaba vilivyofungwa kwa waya, vimechongwa jina lake, kikosi chake na majina ya mashahidi saba. Baadaye, mnamo mwaka 140, wakaibana hata hiyo: watoto waliozaliwa akiwa jeshini wakatolewa. Kuoa kisheria hakuruhusiwa mpaka amalize. Wanawake walikuwepo, watoto walikuwepo, ila mbele ya sheria hawakuwepo.

Hapo nilinyamaza, kwa sababu zamu yangu ya usiku nafanya na dada mmoja wa Eldoret aliyekuja baada ya Machi 2024, walipokwishakataza walezi kuja na wenza na watoto. Mwanawe anamwona kwenye simu. Akikaa kwenye kiti cha korido saa tisa usiku anaangalia video ya mtoto anajifunza kupiga mswaki, ile ile, tena na tena.

Kuhusu mshahara pia Bibi alinionyesha jambo. Kule Misri ilipatikana karatasi ya mafunjo ya mwaka 81 yenye hesabu ya askari mmoja, Quintus Julius Proculus, mzaliwa wa Dameski. Awamu moja ya mshahara drakma 248. Wakakata nyasi kavu 10, chakula 80, viatu na mikanda 12, sikukuu ya kambi 20, nguo 60. Akabaki na drakma 66, nazo zimewekwa akiba kambini, siyo mkononi. Niliposoma nilienda kuchukua karatasi yangu ya mshahara. Kodi, bima ya taifa, pensheni, chumba cha mwajiri, gari la mwajiri ambalo usipolilipia hufiki kwa wagonjwa wa vijijini. Wanaotuma ujumbe "dada uko kwa pauni, tusaidie" mngeiona karatasi hiyo yote, na siyo mstari wa juu peke yake.

Sasa nije kwa mtu aliyenikaa moyoni, Kaisari Septimius Severus. Amezaliwa mwaka 145 Leptis Magna, kwenye pwani ya Libya. Mwaka 193 walinzi wa ikulu Roma walimuua Kaisari Pertinax, kisha wakakiuza kiti, kweli kabisa, mnada, watu wawili wanapandishiana bei. Didius Julianus akashinda kwa kuahidi sesterse, sarafu za Roma, 25,000 kwa kila mlinzi. Severus wakati huo alikuwa gavana mpakani mwa mto Danube. Askari wake wakamtangaza, akashuka nao Roma. Julianus alikaa kwenye kiti alichonunua siku 66, akauawa.

Na hapa naomba wadogo zangu mlioko Makambako na Mafinga mnisikilize. Cheti cha udhamini wa kazi huku hakinunuliwi. Mwajiri halali haruhusiwi kukutoza ada ya cheti hicho. Njia ya kuleta walezi wapya kutoka nje imefungwa tangu Julai 2025, hivyo anayekuambia leo uuze shamba la miti la baba akutafutie kazi ya ulezi Uingereza anakula mali yenu. Ninamfahamu aliyelipa fedha ya kusimamisha nyumba nzima, akafika, miezi mitano baadaye mwajiri akanyang'anywa leseni ya udhamini, naye akapewa siku 60 apate mwajiri mwingine au aondoke. Siku sitini. Alilala sebuleni kwangu arobaini za mwisho.

Severus akaendelea kupigana na wapinzani wake wawili, mmoja mashariki, mwingine Clodius Albinus aliyekuwa gavana wa Uingereza hii hii, akamshinda karibu na Lyon mwaka 197. Akawapandishia askari mshahara, na ndiye aliyewaruhusu hatimaye kuishi na wake zao. Kwa hilo peke yake ningemsimamia. Mwaka 208 akaja huku mwenyewe, ana jongo la miguu, anabebwa kwenye machela mpaka nyika za Scotland. Akafia York tarehe 4 Februari 211. Kaisari wa dunia yote iliyojulikana, mwana wa Libya, mwili wake ukachomwa kwa heshima pale York, saa chache kwa treni kutoka kwenye kile kitanda nilichokuwa natandika.

Wanaandika kwamba alizungumza kwa lafudhi ya Afrika mpaka uzeeni. Basi na yeye aliambiwa arudie?

Maana jambo lenyewe si tamu lote. Kuna kitabu cha maisha ya makaisari kilichoandikwa zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chake, ambacho wanahistoria hawakiamini chote, kinachosimulia kwamba dada yake alikuja kumtembelea Roma kutoka Leptis. Kilatini kilikuwa kinampa shida. Kaisari akaona aibu mbele ya watu, akampa dada zawadi nyingi, akamrudisha nyumbani. Kitabu hicho hicho kinasema Severus akiwa huku, kwenye ukuta, alikutana na askari mweusi, Mhabeshi kwa maneno yao, ameshika shada la mvinje. Askari alikuwa mcheshi maarufu wa kambi. Kaisari akaogopa rangi yake na lile shada, akaona ni dalili ya kifo, akaamuru aondolewe mbele yake. Hata kama ni hadithi, aliyeitunga alijua wasomaji wake wataielewa. Mwafrika amefika juu kabisa, na Mwafrika mwingine, mweusi kuliko yeye, anamwona mkosi. Hilo la askari liliniuma kuliko la yule bwana wa Jumamosi.

Tukirudi kwenye uraia, Roma haikuugawa kwa moyo safi hata siku moja. Wataliano washirika wake walimwaga damu vizazi kwa vizazi katika vita vya Roma bila kuwa raia. Mwaka 91 kabla ya Kristo mwanasiasa Marcus Livius Drusus alipotaka wapewe, aliuawa, na washirika wakashika silaha. Roma ilipigana nao, na hapo hapo vita vikiwa vimepamba moto ikaanza kuwapa kile walichokuwa wakiomba kwa amani. Na ninyi mliosoma Matendo ya Mitume mnamkumbuka yule jemadari aliyemwambia Paulo kwamba yeye uraia ule aliupata kwa mali nyingi. Paulo akamjibu yeye ni Mrumi wa kuzaliwa. Tangu nikiwa Jumapili ya watoto nilikuwa upande wa Paulo. Sasa hivi namwelewa sana jemadari.

Mwakani natimiza miaka mitano. Ada ya kuomba ukaazi wa kudumu ni zaidi ya pauni 3,000 kwa kichwa kimoja, na uraia baadaye ni bili nyingine peke yake. Wakati huo huo kuna mapendekezo ya kuongeza miaka ya kusubiri, kwa walezi zaidi ya wengine. Nimesafisha watu, nimewalisha, nimewafumba macho watano waliofariki mikononi mwangu usiku watoto wao hawajafika. Halafu ninahesabiwa kama niliyepita njia.

Mwana wa Severus, Caracalla, alimuua mdogo wake Geta mwisho wa mwaka 211 mikononi mwa mama yao. Mwaka uliofuata akatoa tangazo: watu huru wote ndani ya dola ni raia. Mamilioni kwa siku moja. Ningependa kusema alikuwa na huruma, lakini Cassius Dio, seneta aliyeishi wakati ule, anasema alitaka kodi. Raia ndio waliolipa kodi ya mirathi, naye alikwishaipandisha kutoka asilimia 5 hadi 10.

Nilimsimulia Bibi safari yangu wakati namchana nywele. Akataka kujua kama nililigusa jiwe. Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri, na akaniomba nimsomee maswali ya mtihani, sura ya Warumi, ajaribu yeye. Alijibu yote, na la Claudius alijibu kabla sijamaliza kulisoma. Yule bwana alipita kwenye korido, Bibi akamwita kwa jina akamwuliza Kaisari aliyefia York alizaliwa nchi gani. Hakujua. Bibi akamwambia mwulize mwanangu huyu. Nikamjibu, polepole, mara moja tu, na safari hii alinielewa.

Usiku nikampigia mama. Nikamsimulia yote, akacheka la zipu ya koti, akasikitika la mtoto wa Eldoret. Nilipofika kwa dada yake Severus aliyerudishwa kwa sababu ya lugha, akanyamaza kidogo.

"Na mimi nikija, utanirudisha na zawadi?"

Nikamwambia utakaa, mama, mpaka uchoke mwenyewe. Akasema basi ataanza kufuma sweta.