Kuku mgeni: miezi yetu ya kwanza na binti

Siku tuliyomleta binti yetu nyumbani kutoka makao ya watoto hakulia. Hakulia ndani ya gari, hakulia tulipofika, hakulia hata nilipomgonga kichwa kwenye fremu ya mlango kwa haraka zangu za kumwingiza ndani. Aliguna kidogo, akatulia. Jirani aliyekuja kutupokea akasema, "Mtoto mzuri huyu, hasumbui," nami nikavimba kichwa kana kwamba nimemlea mwenyewe. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Ilinichukua wiki mbili kung'amua kwamba ule utulivu ndio ulipaswa kunitisha.

Tunaishi Walukuba, hapa Jinja, kwenye nyumba zile za zamani zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Ukuta mmoja unamtenganisha Msoga na Mlugbara, mwingine Mjaluo na Mganda, ndiyo maana Kiswahili hakijawahi kutuishia mdomoni. Mume wangu kwao ni Arua, mimi ni Msamia wa Busia. Tangu tuoane, Kiswahili ndiyo lugha ya chumbani na ya jikoni. Yeye ni dereva wa lori, mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na moja majirani wameniita "fundi", kwa sababu hawakuwa na jina la mtoto wa kunibandika.

Habari za karatasi nitazipitia haraka. Kwa sheria ya watoto ya Uganda, mahakama haisikilizi ombi lako la kuasili mtoto mpaka uwe umemlea kwa muda chini ya usimamizi wa ofisa wa ustawi wa jamii. Zamani muda huo ulikuwa miezi 36. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliushusha hadi 12. Kwa kuwa sisi ni raia wa Uganda na mtoto naye ni raia, faili letu lilikwenda kwa hakimu mkuu, halikuhitaji kufika Mahakama Kuu. Kero zilikuwepo, barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, ilipotea mara mbili, lakini karatasi haziamki saa nane usiku.

Usiku wa kwanza nilimlaza kwenye kitanda chake kipya, chumba cha pili, nikashusha neti, nikazima taa. Kimya. Nikamwambia mume wangu, "Umeona? Amelala kama mtu mzima." Saa saba nikaingia na tochi ya simu kumtazama. Alikuwa chali, mikono imelala ubavuni, macho mawili makavu yananitazama. Hakunyoosha mkono wala hakujikunja. Sijui alikuwa macho tangu saa ngapi. Alikotoka walikuwa wanalala watoto wengi chumba kimoja, taa ya korido inawaka usiku kucha. Sisi tulimpa giza na ukimya tukadhani tumempa raha. Na kulia alikuwa ameshaacha, maana mtoto hulia akitarajia mtu, na pale walezi walikuwa wawili wa zamu kwa vitanda vyote vile.

Kesho yake kitanda kilihamia kwetu, kikagusana na chetu, tukatandika neti moja kubwa juu ya vyote viwili. Redio tuliiacha ikinong'ona. Nikawa nalala mkono wangu uko kwake, ili akifumbua macho akute kitu. Bega liliniuma mwezi mzima.

Kuna kosa moja nilifanya ambalo mpaka leo linaniuma. Alikuja na kitaulo cha kijani, kimechakaa, kinanuka maziwa yaliyochacha. Mimi fundi, mtu wa vitambaa, nikakiloweka siku hiyohiyo, nikakifua na kukianika juani. Jioni alikipokea, akakipeleka puani, akakitupa. Hakukigusa tena. Kitu pekee alichotoka nacho kule, nami nikakifulia harufu yake yote. Mtu akiniuliza ushauri mmoja tu, namwambia usifue chochote.

Chakula kilikuwa hadithi nyingine. Alikula posho, yaani ugali, na maharage mpaka tumbo likawa gumu kama ngoma, kisha akatapika, kisha akanyoosha sahani. Nilianza kumpimia, nikidhani namsaidia, ndipo vitu vikaanza kupotea. Siku moja nafungua droo ya cherehani kutafuta vifungo vyeupe, nakuta robo chapati imekauka kama ngozi, vipande vya ndizi vimeganda kwenye nyuzi, na mukene watatu, dagaa wa huku, wamepangwa vizuri kabisa pembeni ya mkasi. Nilikaa chini nikacheka, halafu sikucheka.

Nikaacha kumpimia. Niliweka bakuli la ndizi ndogo zile tamu kwenye kigoda cha chini, mahali anapofika bila kuomba mtu, na nikahakikisha haliwi tupu hata siku moja. Siku ya kwanza alikula sita. Ya pili sita. Niliogopa bei, niliogopa na tumbo lake. Wiki ya tatu akamenya moja, akauma nusu, akaiacha juu ya kigoda akaenda kucheza. Ile nusu ndizi niliipiga picha, nikamtumia mume wangu akiwa njiani Malaba. Akajibu, "Mbona unanitumia ndizi?"

Lakini kilichonifanya nibadilishe maisha ya nyumba nzima kilitokea sokoni. Mama mmoja muuza mukene alimnyooshea mikono kwa utani, na binti akaruka kwake kutoka kwangu. Yule mama akamzungusha meza tatu za mbali, akampa kipande cha mkate, wakapotea machoni. Mtoto hakugeuka nyuma. Watu wakacheka, "Ana upendo huyu, hachagui!" Kweli, hakuwa anachagua. Kwake mimi nilikuwa zamu nyingine tu.

Nilimweleza ofisa wa ustawi alipokuja kutukagua. Akafunga faili, akaniuliza ni nani humlisha, nani humwogesha, nani humbeba. Nikataja watu saba bila kufikiri: mpwa wangu, jirani wa kulia, mama wa dukani… Akasema kwa muda wa miezi michache mambo manne, yaani kulisha, kuogesha, kulaza na kubeba, yabaki kwangu na kwa mume wangu tu, hadi mtoto ajue mikono ipi ni ya kwake.

Rahisi kusema. Nenda kamwambie mtu wa Walukuba kwamba asimbebe mtoto! Huku mtoto anapita mikononi kama kikombe cha chai msibani. Niliitwa mchoyo. Mmoja aliniuliza mbele za watu, "Kwani umemnunua?" Nililia jikoni, moshi wa makaa ukanisitiri. Baadaye nikapata maneno ya kusema: ukija kunisaidia, shika ndoo, usishike mtoto. Waliokuwa na nia njema wakashika ndoo kweli. Mpwa wangu alichukua kufua na kuteka maji, jirani wa kulia alinichemshia maharage yangu pamoja na yake, na mimi nikabaki na kazi moja.

Cherehani yangu ni ya kupiga kwa miguu. Nilimfunga binti mgongoni kwa kitenge, nikawa nashona naye. Miguu ikikanyaga, mwili mzima unayumba kidogo, na sindano inapiga tiki-tiki-tiki. Baada ya dakika ishirini nasikia shavu limetua katikati ya mabega, kisha pumzi inakuwa nzito. Hapo ndipo alipojifunza kulala mchana. Nilikosa msimu wa sare za shule mwaka ule, maana mtu hawezi kushona sare themanini na mtoto mgongoni, na pesa ile tuliisikia ilipokosekana. Sitasema haikuwa shida.

Mume wangu alikuwa na mtihani wake. Kule walezi walikuwa wanawake watupu, na yeye ni mtu wa ndevu na sauti ya injini. Akiingia, mtoto anaganda. Baba wa watu hakumlazimisha. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani amempa mgongo nusu, akawa anamenya ndizi moja moja na kuiweka pembeni bila kumtazama. Safari zake za siku tatu tatu zilivuruga kila alichojenga, mpaka tukapata ujanja wa kofia: akiondoka anaitundika kwenye msumari usawa wa macho ya mtoto, akirudi mtoto ndiye anayeitungua. Mpaka leo siku ya kwanza ya kurudi humnunia hadi mchana.

Lugha nayo. Alikuja na maneno machache ya Kiganda, na mlezi mmoja mwema alinitajia yote kabla hatujaondoka. Hatukumnyang'anya. Akisema "mazzi" tunajibu "mazzi, haya, maji," tunampa. Hilo lilikuwa jepesi, maneno yenyewe ni ndugu. Lakini "nsitula", yaani ninyanyue, halikupata mbadala. Siku hizi hata mume wangu akichoka na lori ananyoosha mikono mlangoni, "Nsitula!"

Mwezi wa tatu akaja mama mkwe. Alitoka Arua usiku kucha kwenye basi, na asali, na ufuta wa kusaga, na kuku hai ndani ya kapu. Nilipiga magoti kumsalimu, na nikiwa bado chini nikamweleza ile sheria yetu ya kubeba, kwa sababu nilijua nikiinuka ujasiri utaisha. Kiswahili chake ni cha kambini, marehemu baba mkwe alikuwa askari, hakina mapambo.

"Nimelea saba," akasema. "Wewe unanifundisha kubeba mtoto?"

Chakula cha jioni tulikula kimya. Asubuhi nikamkuta barazani anamfunga yule kuku mguu kwa kamba ya katani, ncha ya pili kwenye mguu wa benchi.

"Nikimwachia huyu leo, jioni atakuwa Masese," akasema bila kuniangalia. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na wewe umemfunga wako kwa kitenge. Nimefikiri usiku. Sawa."

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingeweza. Alikaa mkekani na ungo wa maharage, akawa anachambua. Siku nzima hakumwita mtoto, hakumchekea, hakumtolea pipi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu binti alishuka mgongoni kwangu, akamzunguka kwa mbali, akaokota harage moja lililoanguka, akaliweka juu ya goti la bibi yake. Mimi pale ningemkumbatia nikaharibu. Bibi akasema, "Asante, mama," akalitia kwenye ungo, akaendelea kuchambua. Likaja la pili. Asubuhi ile yalikuja kama arobaini hivi, na mengine nina hakika aliyadondosha bibi makusudi.

Ni yeye aliyembandika jina la Kuku. Na mimi, fundi wa miaka kumi na moja, nikawa Mama Kuku mtaa mzima. Jina la karatasi zuri lipo, nalibakiza kwenye karatasi.

Wiki chache baada ya bibi kurudi Arua, nilimpokonya Kuku mkasi. Alinitazama, akajibwaga sakafuni, akafungua mdomo, na sauti ikatoka ambayo sikujua anayo. Alipiga miguu, akarusha kikombe, akalia mpaka jirani wa kushoto akaja kuuliza kama amemwagikiwa maji ya moto. "Mtoto ameharibika huyu," akasema, "mwanzo alikuwa mpole." Nilikaa naye pale sakafuni, nikanyoosha mikono. Akanipiga. Akalia tena. Halafu akapanda mapajani mwangu akiwa bado na hasira, akaufuta uso wake wote kwenye blauzi yangu.

Nikampigia mama mkwe. "Mama, analia! Analia kwa sauti!"

Akacheka hadi simu ikakwaruza. "Basi amefika."

Bado anaamka usiku, mara mbili au tatu kwa wiki, na kitanda chake hakijarudi chumba cha pili. Sokoni yule muuza mukene akimnyooshea mikono, anamwonyesha kiatu chake kipya, lakini haendi.

Kuku wa Arua tulimfungua kamba baada ya siku tisa, na kumchinja hakuna aliyethubutu kutaja. Amechagua kutagia kwenye boksi la vitambaa chini ya cherehani. Kazi ya kukusanya mayai ni ya binti. Mawili ya kwanza sikuyaona mpaka wiki iliyofuata, nilipofungua droo kutafuta uzi mweusi.