Kulipita lori Lubumbashi ukiwa na usukani wa kulia

Ndugu yangu unayejiandaa kuhamia huku kutoka Dar au Mbeya, kuendesha upande wa kulia utazoea haraka. Mjini unafuata wenzako tu. Ninachokuhofia ni siku utakapotaka kulipita lori.

Wengi wetu tuna magari ya Japani yaliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam, usukani kulia. Nyumbani usukani huo unakukalisha katikati ya barabara, ukichungulia kidogo unaona mbele. Kongo unakukalisha pembeni, upande wa majani, na lori la shaba linakuzibia kila kitu. Ukitaka kuona, nusu ya gari iwe imeshaingia njia ya anayekuja. Watu wanafia hapo.

Kwa hiyo usiligande lori mkiani. Rudi nyuma sana, barabara ifunguke. Kwenye kona inayopinda kulia, chungulia ubavu wa kulia wa lori, utaona kinachokuja. Kulipita subiri mpaka barabara inyooke.

La pili, aliyekaa mbele kushoto ndiye jicho lako. Tukienda Likasi kupeleka vitenge, kijana wa dukani kwangu huegemea dirisha: "Bado, mama, iko moya inakuya." Akinyamaza, sipiti. Akisema pita, bado nahakikisha mwenyewe kabla ya kukanyaga mafuta. Nikiwa peke yangu na barabara haionekani, nafuata lori hata mpaka Likasi, mteja atanisubiri.

Halafu kuna indiketa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwetu dereva wa lori akikuwashia ya kushoto anakwambia pita, ya kulia anakuonya. Huku ni kinyume, ya kushoto ndiyo onyo. Sasa barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ina madereva wengi wa Tanzania na Zambia, wametoka kuendesha kushoto, wanavuka mpaka na kuhamia kulia. Akikuwashia ya kushoto, anakuonya au anakuruhusu kwa mazoea ya kwao? Hujui. Mimi sipokei ruhusa ya indiketa ya mtu yeyote.

Mengine unayajua: si kwenye mlima, si kwenye kona, si karibu na reli, si penye mstari usiokatika. Kiangazi vumbi likitanda washa taa, na usipite. Ukishapita, usirudi kulia mpaka uuone uso mzima wa lori kwenye kioo cha ndani.

Na kama gari hujanunua bado, tafuta la usukani wa kushoto, hata ikibidi usubiri miezi.